Wewe U Mtu wa Wapi?

Kila msafiri ashukaye katika stesheni ngeni huulizwa maswali mawili: jina lake nani, naye ametoka wapi. Jibu la swali la kwanza husahauliwa upesi. Jibu la pili hukaa. Kwa maana watu hudhani ya kwamba wakilijua jina la mji, wamekwisha kumjua na mtu mwenyewe.

Katika jimbo la Lualaba kila mahali pana sifa yake. Kolwezi yajulikana kwa shaba na kobalti, madini yatafutwayo na mataifa yote ya dunia. Kisenge hutajwa kwa manganezi. Musumba ni makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Dilolo ni mlango wa Angola. Na Kasaji je? Tangu mwaka 1931, reli itokayo Tenke ilipofika Dilolo na kuungana na ile iendayo bandari ya Lobito, Kasaji imejulikana kuwa stesheni ya njiani. Mali ya wengine ilipita hapo juu ya mabehewa, na wenyeji wakaitazama ikipita, kisha wakarudi katika mashamba yao ya mihogo. Hata vita vilipita: mwezi wa Machi 1977, wapiganaji waliotoka Angola waliifuata njia ile ile, Dilolo, Kasaji, hata Mutshatsha, na watu wakakimbilia porini na watoto wao migongoni.

Kwa sababu hiyo wapo vijana wa Kasaji ambao, wakifika mjini, huona haya kulitaja jina la kwao. Na wakatekumeni wajue ya kuwa jambo hili si dogo. Laigusa imani.

Neno la Natanaeli

Mtume Yohane asimulia, katika sura ya kwanza ya Evanjili yake, jinsi Filipo wa Betsaida alivyomwendea Natanaeli na kumpasha habari kubwa: yule aliyeandikwa na Musa na manabii ameonekana, naye ni Yesu wa Nazareti. Natanaeli hakuuliza mtu huyo amefundisha nini, wala ametenda nini. Alilishika jina la kijiji tu, akauliza kama kitu chema chaweza kutoka huko.

Na Natanaeli mwenyewe alikuwa mtu wa wapi? Yohane huyo huyo atuambia mwishoni mwa kitabu chake: wa Kana ya Galilaya. Kana nayo ilikuwa kijiji tu, tena si mbali na Nazareti. Basi mtu wa kijiji kidogo alikidharau kijiji kidogo cha jirani! Ndivyo ilivyo hata leo. Aliye chini hutafuta aliye chini zaidi, apate kujiona yu juu.

Ni kweli kwamba Nazareti haikuwa na sifa. Vitabu vya Agano la Kale havikuitaja hata mara moja. Haikuwa na hekalu, wala kiti cha mfalme, wala machimbo, wala bandari. Lakini Mwana wa Mungu alikaa humo karibu miaka thelathini. Alichota maji katika kisima chake, alisema kwa matamshi ya watu wake, na mikono yake ilifanya kazi ya useremala. Naye aliposikia dharau ya Natanaeli hakukasirika, wala hakutafuta mji mwingine wa kujisifia. Alimsifu Natanaeli kuwa ni mtu asiye na hila, akamwita awe wake. Na Filipo hakufanya mabishano. Alimwalika aje aone kwa macho yake.

Mfano wa kijana na mjomba wake

Palikuwa na kijana, mkatekumeni wa kijiji kimoja upande wa Kasaji, aliyekwenda Kolwezi kutafuta riziki. Alijiunga na wachimbaji wa mkono, wale washukao mashimoni kwa kamba na kupanda na mifuko ya mawe mabegani. Wenzake walipomwuliza alikozaliwa, aliona haya, akasema, "Mimi ni mzaliwa wa papa hapa, wa Manika." Akajizoeza kutembea kama wao na kusema kama wao.

Siku moja mjomba wake alifika kutoka kijijini na gunia la mihogo mikavu. Alimkuta sokoni pamoja na rafiki zake. Mzee akafurahi, akamsalimu kwa lugha ya kwao. Rafiki wakageuka kumtazama. Kijana akajibu kwa Kiswahili: "Mzee, umekosea. Mimi si mtu wa huko."

Mjomba alimtazama kitambo. Kisha akasema kwa upole, "Unisamehe, baba. Umefanana sana na mtoto wa dada yangu." Akalitua gunia lile chini, miguuni pa kijana, akaenda zake. Gunia hilo lilitumwa na mama yake.

Kijana hakulala usiku ule. Alikumbuka fundisho la Mateso alilolisikia shuleni misioni: jinsi Petro alivyoketi uani kwa Kuhani Mkuu, watu wakamtambua kuwa ni Mgalilaya kwa matamshi yake, naye akaapa kwamba hamjui yule mtu. Petro aliogopa upanga. Yeye aliogopa kicheko tu. Na kama mtu amkana mjomba wake kwa sababu ya kicheko, siku watakapomcheka kwa ajili ya Kristu atafanya nini? Hapo ndipo jambo la kijiji lilipokuwa jambo la imani.

Sifa iliyogeuka fimbo

Kuona haya ni kosa. Na kujivuna ni kosa lililo baya zaidi. Watu wa Nazareti wenyewe walimsikia Yesu akifundisha katika sinagogi lao, wakastaajabu. Lakini alipowakumbusha ya kuwa Mungu aliwahurumia hata wageni, yule mjane wa Sarepta na Naamani Mshamu, walijaa ghadhabu, wakamtoa nje ya mji, wakataka kumtupa kutoka ukingo wa mlima. Waliona ya kwamba neema ni mali ya wazaliwa wa mahali.

Nchi hii ya shaba imeyaona hayo kwa macho yake. Katika miaka ya 1992 na 1993, huko Likasi na Kolwezi, swali lile la msafiri, "Wewe watoka wapi?", liligeuka fimbo. Jamaa ambazo asili yao ni Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, hata watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao waliletwa kufanya kazi ya reli na ya machimbo. Maelfu walilala katika stesheni wakingoja gari la moshi, chini ya mvua na jua, na wengi walikufa, hasa watoto. Na kati ya waliofukuza na waliofukuzwa, wengi walikuwa wamepokea Ubatizo ule ule mmoja, na Jumapili walipiga magoti mbele ya altare moja.

Mkatekumeni na alitafakari jambo hilo kabla hajaikaribia birika ya Ubatizo. Kupenda kwenu si dhambi. Bwana mwenyewe aliulilia Yerusalemu. Lakini yeye asemaye, "Hapa ni petu, ninyi ondokeni," amesimama pamoja na wale waliompeleka Yesu ukingoni mwa mlima.

Ni nani aupaye mji sifa?

Watu hufikiri ya kuwa sifa ya mahali hutoka ardhini. Lakini tazameni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Urani iliyochimbwa humo ilitumika kutengeneza bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945. Mali ilikuwa nyingi ardhini, lakini sifa yake ni ya machozi. Ardhi haina wema wala ubaya. Mkono wa mtu ndio uipao jina.

Namugongo, katika nchi ya Uganda, palikuwa mahali pa kuulia watu, na kila aliyesikia jina hilo alitetemeka. Mwezi wa Mei 1886, Kabaka Mwanga alipowakasirikia vijana Wakristu wa ikulu yake, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku wakatekumeni wanne, na mmoja wao alikuwa Kizito, kijana mdogo kuliko wote. Tarehe 3 Juni walichomwa moto huko Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Wakatoliki 22 kwa jumla. Leo mahujaji huenda Namugongo kila mwaka, wengine kwa miguu kutoka nchi za jirani. Mahali pa hofu pamekuwa mahali pa sala, na waliopageuza walikuwa vijana, tena baadhi yao walikuwa wakatekumeni hadi siku chache kabla ya kufa kwao.

Na katika Kongo yenyewe uko mji wa Goma. Ulimwengu waujua kwa moto wa mlima Nyiragongo na kwa vita visivyokwisha. Humo alizaliwa Floribert Bwana Chui, aliyefanya kazi ya kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Wafanya biashara walimpa fedha ili aachilie chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwa sababu watu wangekula na kuugua. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, umri wake ukiwa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa huko Roma kuwa Mwenye Heri. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi wa ofisini aliyesema "hapana" mahali ambapo wengi husema "leta". Tangu siku hiyo jina la Goma lina sifa nyingine, ambayo volkano haiwezi kuichoma.

Jina lililoandikwa juu ya Msalaba

Bwana Yesu alipotundikwa Msalabani, Pilato aliweka maandishi juu ya kichwa chake kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki. Humo, pamoja na neno la ufalme, liliandikwa jina la Nazareti. Kijiji ambacho hakuna nabii aliyekiandika kiliandikwa juu ya Msalaba katika lugha tatu, ili kila apitaye asome. Baada ya Ufufuko, Petro alimsimamisha kiwete penye mlango wa hekalu kwa jina la Yesu Mnazareti. Na Saulo alipoanguka njiani karibu na Dameski, akauliza ni nani asemaye naye, sauti kutoka mbinguni ilijibu, kama Saulo mwenyewe alivyosimulia baadaye, kwamba ni Yesu wa Nazareti. Ameketi katika utukufu wa Baba, wala hakukikana kijiji chake.

Yule kijana wa Kolwezi alirudi nyumbani wakati wa Kwaresima ili ajiandae kwa Ubatizo. Katika kitabu cha Ubatizo cha parokia huandikwa jina la mbatizwa, majina ya wazazi na wasimamizi, na tarehe na mahali alipozaliwa. Padri alipofika penye mahali, akainua kalamu na kuuliza. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akakitaja kijiji chake, kwa sauti ya kusikika, mbele ya wenzake wote. Jioni ile alikwenda nyumbani kwa mjomba wake, akapiga magoti, akaungama kosa lake. Mzee alimwinua, akamwambia, "Mpwa wangu, gunia lile ulilila?" Kijana akasema, "Niliwapa rafiki zangu, nikawaambia limetoka kwetu." Ndipo wote wawili wakacheka, na mama akaleta bukari.

Basi, wakatekumeni wapenzi, atakayeulizwa, "Wewe u mtu wa wapi?", na ajibu kwa kweli, bila haya na bila majivuno. Kisha aishi hivi kwamba yule aliyemwuliza, siku atakapolisikia tena jina la Kasaji, asikumbuke mihogo wala reli, bali akumbuke mtu mmoja asiyeiba katika mizani, asiyemfukuza mgeni, asiyemkana ndugu yake sokoni. Kwa njia hiyo kijiji hupata sifa. Na siku ya mwisho, Mungu atakapoyaita majina yaliyoandikwa kitabuni mwake, atawaita watu wa kila stesheni, kubwa na ndogo, nao wote watakuwa wenyeji wa mji mmoja.

Maswali ya kukumbuka

Natanaeli alikosa nini alipolisikia jina la Nazareti? Alimhukumu mtu kwa kijiji chake kabla ya kumwona.

Yesu alikitendea nini kijiji chake? Hakukionea haya hata Msalabani, wala hakukifanya sababu ya kuwadharau wengine.

Mkatekumeni azimie nini juma hili? Amtafute mtu mmoja aliyemdharau kwa sababu ya kabila au ya kwao, amwamkie kwanza yeye, na kumkaribisha chakula.