Chapati Isiyogeuzwa

Andiko: Hosea 7:8 na 12:7

Hapa Chepsaita hakuna asiyejua chapati. Tuliipata kwa Wahindi, ambao maelfu yao walikuja kujenga reli ya kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Leo ni yetu kabisa. Krismasi bila chapati ni Krismasi gani?

Sasa, nabii Hosea anamfananisha Efraimu na mkate ambao mpishi hakuugeuza. Siku zile mkate wa bapa uliokwa juu ya makaa au mawe ya moto. Usipogeuzwa, chini unaungua na juu unabaki mbichi. Hauliki, na unga umeshapotea.

Mtu atauliza, "Pasta, mbona Waethiopia hawageuzi injera?" Ni kweli, hawageuzi. Lakini wanaifunika, na mvuke unaivisha juu. Hakuna mahali panapobaki pabichi. Shida ya Efraimu ilikuwa hapo: kuna upande ambao moto haukufika.

Upande gani? Soma sura ya 12, mstari wa 7. Ni mizani. Madhabahu zilikuwa nyingi, lakini sokoni ni udanganyifu, na bado Efraimu alijisifu kwamba ametajirika.

Tuongee ukweli basi. Jumapili tunanena kwa lugha, tuko moto. Jumatatu tunauza mahindi kwa gorogoro iliyobonyezwa chini. Tumekopa kwa chama, na mweka hazina akipiga simu hatushiki. Kibarua amepalilia shamba letu, tunamwambia aje wiki ijayo, na watoto wake wanalala njaa. Jirani ambaye hajaokoka haji kanisani kuonja upande wa Jumapili. Yeye anaonja ule wa Jumatatu.

Zakayo alipokutana na Yesu, wokovu wake ulifika mpaka mfukoni (Luka 19:8). Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Kama gorogoro yako imebonyezwa, itupe, nunua nzima. Mpigie mweka hazina wewe mwenyewe, umwambie utalipa lini, hata kama ni mia mbili mia mbili. Kibarua mlipe kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:15).

Kugeuzwa kunachoma. Lakini mpishi hahangaiki kugeuza chapati ambayo anataka kuitupa.

Ombi: Bwana, nigeuze. Moto wako ufike mpaka kwa mizani yangu, madeni yangu na wale ninaowaajiri. Amina.