Jina la Mhusika: Ni Haki au Hukumu?

Hivi, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini wahusika wa katuni za Marekani wana majina pacha? Peter Parker. Bruce Banner. Lois Lane. Lex Luthor. Herufi inagonga, halafu inagonga tena. Stan Lee, aliyewaandika Parker na Banner mwaka 1962, alieleza kuwa wahusika walimzidi wingi, na majina ya namna hiyo yalimsaidia kukumbuka. Na bado alisahau! Mwaka 1964 Banner akajikuta anaitwa Bob, ikabidi wasomaji waambiwe kuwa jina lake kamili ni Robert Bruce Banner.

Mchezo huo hata kwetu upo. Kenya ilikuwa na Bogi Benda wa James Tumusiime. Gazeti la Sani la Dar es Salaam lilitupa Komredi Kipepe na Lodi Lofa. Lakini angalia tofauti. Jina la Peter Parker halisemi lolote juu ya tabia yake. Leo anaweza kuwa mwoga, kesho shujaa. Lofa ni lofa. Kabla hajafungua mdomo umeshamjua: hana kazi, hana senti, na ulodi wake ni wa kujipachika. Na mwenzake Ndumilakuwili je? Hata akisema kweli, nani atamwamini?

Swali ndilo hilo: mwandishi ana haki gani ya kumhukumu mtu wake kabla hajatenda?

Wapo watakaosema, acha hizo bwana, katuni ni ya kucheka tu. Sawa, kicheko kina kazi yake, na jina lisilonata halikumbukwi. Haba na haba hujaza kibaba: methali hiyo imedumu kwa sababu inagonga sikio pia. Lakini mtaani tunayajua majina yanayotangulia vitendo. Mtu akipigiwa kelele "kibaka!", umati hauulizi kaiba nini. Jina limetosha, na tairi limeshaletwa. Hapo hachekwi mtu.

Tunatokaje? Mimi naona jibu limo kwenye sarufi yetu wenyewe. Mwingereza akitaka sauti zigongane lazima azitafute. Kwetu zinajileta. Mtu sokoni Gonja akisema, "Kikapu kile kikubwa kimejaa tangawizi," ki imeshalia mara nne, wala hajui kama ametunga kitu.

Sasa tuseme kijana wa Gonja anabuni shujaa wake, Mgonja Mgumu, anayeruka kutoka Milima ya Upare hadi mashamba ya mpunga ya Ndungu. Pembeni anamweka msaidizi anayechechemea, anamwita Kiguru. Jina limekaa vizuri mdomoni. Haya, tunga sentensi: "Kiguru kile kikubwa kimefika." Sikio limeshtuka, au siyo? Sauti zimegongana safi kabisa, na bado umemtukana mtu. Tunasema, "Kiguru yule mkubwa amefika." Ki inabaki kwenye jina, kisha lugha inagoma. Inauvunja mlio wake mtamu ili mtu abaki mtu. Ndivyo ilivyo kwa kipofu, kwa kiziwi, na hata kwako wewe kijana unayesoma hapa. Hakuna anayekuita "kijana hiki".

Basi nasi waandishi tufuate njia hiyo. Mpe mhusika jina lolote linalonata. Hata duniani watu hupewa majina wasiyoyachagua. Ila kitenzi kinachofuata kiwe cha mtu. Lofa amlipie jirani nauli siku moja, kwa senti yake ya mwisho. Ndumilakuwili aseme kweli mara moja, imgharimu. Kiguru apewe amri mbaya na Mgonja Mgumu, aikatae, ashike njia yake kurudi mlimani, na hadithi imfuate yeye.

Kama mhusika wako hawezi kutenda jambo ambalo jina lake halikulitarajia, hujaumba mtu, umebandika lebo. Na aliyezoea kubandika lebo kwenye karatasi, siku akisikia "kibaka!" dirishani kwake, atatoka kuuliza, au atatoka na jiwe?