Siku Ambayo Moyo Hautaki

Juni ikishika, mashamba ya Misikhu hupendeza ukiyatazama ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Kitale. Mahindi yamepita magoti, yamekoza kijani, na abiria husema mwaka huu Mungu ametukumbuka. Aliye shambani na jembe mkononi huona jingine. Palizi ya kwanza imekwisha na magugu yamerudi. Umande wa majani unamlowesha hadi kiunoni, na kingo za majani hayo zinamkwaruza mikono. Furaha ya kupanda ilikwisha tangu Machi, na mavuno bado yako mbali. Hapo katikati ndipo moyo hukataa.

Mpendwa, huenda shamba lako si la mahindi. Huenda ni kibanda pale sokoni unachokifungua kila asubuhi kwa mkono mzito. Huenda ni kumuuguza mzazi, au ni pikipiki unayoiegesha stejini, mteja akikuita hata hamu ya kuitika huna. Unaamka, unakaa ukingoni mwa kitanda, na kitu ndani yako kinauliza: ya nini? Kisha unajiita mvivu, na jina hilo linakuongezea uzito. Je, umewahi kufikiri kwamba mvivu hasa haumii hivyo? Kule kuumia kwako kunaonyesha kwamba bado unaipenda kazi uliyopewa.

Nikukumbushe jambo la hapa kwetu. Mbegu nyingi tunazopanda, zile za pakiti, asili yake ni kazi iliyofanyika Kitale. Mwaka 1955 mtafiti Michael Harrison alianza hapo kazi ya kuboresha mahindi ya nyanda za juu. Mwaka 1961 ikatolewa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Mwaka 1964, baada ya mbegu hiyo kuchanganywa na mahindi yaliyotoka Ecuador, wakulima wakapata mbegu chotara iitwayo H611, na mahindi chotara yakaenea haraka hata kwa wenye vishamba vidogo. Ni miaka 9 tangu kuanza hadi chotara kumfikia mkulima.

Ukiisoma kwa haraka ni habari ya ushindi. Itazame kwa karibu, jinsi kuchanganya mbegu kunavyofanyika. Muhindi ukikaribia kutoa ndevu, hufunikwa kwa mfuko wa karatasi ili chavua ya kupeperushwa na upepo isiufikie. Mbelewele nazo hufungiwa mifuko yake. Chavua ikikusanyika, humwagwa kwa mkono juu ya ndevu za mche uliochaguliwa, mfuko ukarudishwa, na alama ikaandikwa. Kisha mche wa pili, kisha wa tatu, mpaka safu iishe, na safu nyingine inasubiri. Kitale ina msimu mmoja wa mahindi kwa mwaka, kwa hiyo swali la leo hujibiwa mwakani. Na ndevu zikishatoka zimetoka. Hazimngoji mtu apate hamu. Vitabu vimehifadhi jina la mtafiti. Mikono iliyofunga mifuko ile wengi wetu hatuijui, nasi tunakula ugali wake hadi leo.

Tumezoea kudhani hamu ndiyo inayotangulia, kazi ifuate. Mimi naamini mara nyingi ni kinyume chake: mtu huanza akiwa mzito, na katikati ya safu moyo unafunguka kidogo. Kuna siku haufunguki kabisa, na siku hiyo nayo Mungu anaipokea. Ni safu ipi moja iliyo mbele yako leo? Usiliangalie shamba zima.

Lakini sitaki kukutwika mzigo mwingine. Mkumbuke nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, kisha akakimbia, akaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtumia malaika aliyemgusa, na kando ya kichwa chake pakawa na mkate na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kumlisha, maana safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu. Nasi kanisani, mara ngapi tumemhubiria mtu aliyehitaji kwanza kikombe cha uji na usingizi? Wewe mwenyewe, jana jioni ulikula? Umelala? Na kama uzito huu umekuandama majuma mengi, chakula hakipandi, usingizi hauji, au umefika alipofika Eliya pa kutamani kufa, mwambie leo mtu unayemwamini akusindikize hospitali. Daktari naye anaweza kuwa mkono wa malaika, na kumwendea si upungufu wa imani.

Kuna uchovu mwingine usiotoka mwilini. Mtu anachoka kulima shamba la familia kwa sababu hajazungumza na nduguye tangu ule ugomvi wa mpaka. Kila akiinua jembe anauona upande ule, na nguvu zinamwishia kabla ya saa nne. Hapo hata akilala siku tatu, ataamka amechoka vilevile. Je, yuko mtu ambaye kumkasirikia kunakula nguvu zako za asubuhi? Huenda kusamehe kukachukua muda, lakini waweza kuanza kwa salamu tu. Jisamehe na wewe pia kwa zile siku zilizopita bila kufanya lolote. Bwana aliyekupa kazi hii anajua umeumbwa kwa udongo.

Na usiupalilie upande wako peke yako kwa sababu ya aibu. Eliya alipokuwa akiona kwamba amebaki yeye tu, alipewa Elisha wa kwenda naye. Wazee wetu walilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyekosa nguvu alivutwa na wenzake. Jioni hii mpitie jirani yako. Mwambie wazi: leo sikuweza, njoo kesho asubuhi unisaidie safu mbili, nami keshokutwa nitakuja kwako.