Gari Likichemsha, Ng'oa Themostati

Katika ushauri ambao wenye magari na mafundi wa Afrika Mashariki hupeana, upo mmoja usiokoma kurudi: gari likichemsha, ng'oa themostati. Hutolewa kwenye gereji bubu za Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na kando ya njia pale mlima Kitonga, boneti ikiwa juu na mvuke unapanda. Sababu inayotajwa ni ileile kila mahali: kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, na huku joto tunalo la kutosha. Ni ushauri wenye nia njema, na kwa sehemu kubwa ni potofu.

Themostati ni valvu ndogo inayokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna kikopo cha chuma chenye nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na valvu imefunga. Maji huzunguka ndani ya injini tu, hivyo hupata moto upesi. Joto likifika kama nyuzi 82, kiwango cha kawaida kwa injini nyingi za Toyota, nta huyeyuka, hutanuka na kuisukuma valvu, na maji huenda kupozwa kwenye rejeta. Yakipoa mno, valvu hurudi kufunga kidogo. Kazi yake basi ni kuiweka injini katika joto moja, nje kuwe na theluji ya Hokkaido au jua la Tanga. Tokyo yenyewe mwezi wa Agosti hupita nyuzi 35, na magari ya huko huenda na themostati zake.

Ikiondolewa, madhara huja kwa njia mbili zinazoonekana kupingana. Themostati za injini nyingi zina kisahani cha pili upande wa chini. Valvu kuu inapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita rejeta. Themostati isipokuwepo, njia hiyo hubaki wazi wakati wote, na sehemu ya maji haipozwi kamwe. Siku ya mlima mrefu na mzigo mzito, gari la namna hiyo laweza kuchemsha kuliko lilivyochemsha kabla ya kutibiwa. Lakini asubuhi ya Nakuru au Mbeya, likiwa kwenye barabara iliyonyooka, hali hugeuka: injini haifiki joto lake. Kompyuta hupima maji kwa sensa, huona bado ni baridi, na huongeza petroli kana kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa. Unyevu unaotokana na mwako hupenya hadi kwenye oili na kubaki humo, maana joto la kuugeuza mvuke halipo, na polepole oili huwa tope. Magari yenye mfumo wa kujikagua wa OBD2 huweza kulisema jambo hili yenyewe: taa ya injini huwaka, na kifaa cha kusomea makosa husoma P0128, yaani maji hayajafikia joto linalotakiwa.

Kwa nini basi ushauri huu unaishi? Kwa sababu mara nyingine unaponya. Themostati huzeeka, na baadhi hukwama zikiwa zimefunga. Gari la namna hiyo huchemsha kwa haki, na fundi akiing'oa, linapoa saa ileile. Mwenye gari anashukuru, fundi anaamini, na tiba iliyofaa ugonjwa mmoja inaanza kugawiwa kwa wagonjwa wote. Kilichopotea njiani ni sababu. Fundi wa kwanza huenda aliijua. Wa tatu alipokea maneno manne tu. Tena madhara yake hayana sauti. Petroli inayozidi kidogo kila wiki haimgutushi mtu, na injini ikichoka mapema baada ya miaka miwili, hakuna atakayeikumbuka ile valvu iliyotupwa kwenye kopo la misumari.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila jiko lina vifaa vyake, isipokuwa labda kipimajoto. Themostati hufungwa uzi, huning'inizwa kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, na maji hupashwa taratibu. Ikifunguka karibu na nyuzi zilizochongwa ubavuni mwake, ni nzima, na kisa cha kuchemsha kitafutwe kwingine. Ikikataa, hununuliwa nyingine. Mahali pa kuanzia kutafuta ni kifuniko cha rejeta, kitu ambacho wengi hukipuuza kwa udogo wake. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo, na maji ambayo pwani yangechemka kwa nyuzi 100 huvumilia hadi karibu 120. Mpira wake ukichakaa, shinikizo hutoroka. Nairobi, mahali ambapo maji ya sufuriani huchemka kwa nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, hasara hiyo ni kubwa zaidi. Baada ya kifuniko huja feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi za maji ya kisima yaliyotiwa miaka yote badala ya kulanti, na mwisho gasketi ya silinda hedi, ambayo hujitambulisha kwa mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Waliounguzwa uso kwa kosa hilo wapo katika kila mtaa wenye gereji.

Haifai kuwalaumu wanaoshauriana. Magari mengi yanayotembea kati ya Mombasa na Mbeya, kama Toyota Probox au Fielder, yalitengenezwa kwa soko la Japani na yakaja yakiwa yametumika. Kitabu cha mwongozo, kikiwemo kwenye droo ya dashibodi, ni cha Kijapani. Mwenye gari hana pa kusoma ila kwa mwenzake mwenye gari kama lake. Elimu hii ya kupeana imeokoa magari mengi, na iliyo bora katika hiyo ina alama zake: inataja mfano wa injini, inaeleza dalili kabla ya tiba, inataja kipimo kilichofanywa, na inarudi kusema matokeo. Hilo la mwisho ndilo adimu. Mtu huomba msaada gari likitetemeka, hupewa majibu kumi, gari likapona, naye akanyamaza. Majibu kumi hubaki yamesimama sawa kwa sawa, tisa kati yake yakiwa ya kubahatisha, na anayekuja nyuma hana namna ya kujua lipi lilikuwa la kweli. Kuleta mrejesho, hata wa kusema kwamba tiba ilishindwa, ni ukarimu mkubwa kuliko kutoa ushauri wenyewe.

Suala la oili ni ndugu wa themostati. Mfuniko wa injini umeandikwa 0W-20, na mtu anaambiwa atie 20W-50 kwa kuwa hapa ni joto. Namba ya pili ya oili hupimwa kwa nyuzi 100, na injini iliyopashwa sawasawa huwa na joto karibu lilelile popote ilipo. Injini yenye VVT-i hutumia shinikizo la oili kubadili majira ya valvu kupitia matundu madogo, na oili nzito huchelewa humo. Ushauri wa oili nzito una ukweli kwa injini iliyochakaa inayokula oili, na hapo pia unapaswa kutolewa pamoja na sababu yake.

Kifaa cha kusomea makosa, ambacho sasa hupatikana kwa bei ndogo, kimeongeza heshima ya vipimo na pia aina mpya ya kubahatisha. P0171 husema kwamba petroli ni kidogo ikilinganishwa na hewa. Haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi au pampu dhaifu ya petroli huleta namba hiyohiyo, lakini sensa ya oksijeni hubadilishwa kwanza kwa kuwa ndiyo iliyotajwa na mtu fulani.

Ushauri wa kupeana hufika hata kwenye marekebisho ya umbo, na linalopendwa kuliko yote ni kuliinua gari dogo kwa spesa, na hitaji lake ni la kweli: Toyota IST haikuchorwa kwa matuta ya Mbagala. Spesa ya chuma au plastiki huwekwa juu ya shokapu, na bodi hupanda. Kinachosahaulika ni kwamba magurudumu hubaki chini huku gia boksi ikipanda pamoja na bodi. Shafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa, mipira yake hupasuka, na grisi ikimwagika jointi hufuata. Gari lililoinuliwa pia hubeba uzito wake juu zaidi, hivyo kona iliyozoeleka haipaswi kukatwa kwa mwendo uleule, na taa za mbele zisipopangwa upya huwapofusha wanaokuja. Inchi moja iliyofuatiwa na kupanga magurudumu huvumilika. Inchi tatu ni tamaa.

Magari ya haibridi yameweka mpaka ambao ushauri wa mdomo haupaswi kuuvuka. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme wa betri kubwa, volti 144 kwa Aqua ya kwanza na 201.6 kwa Prius ya kizazi cha 2 na cha 3. Hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama, kapasita hubaki na chaji, na hupaswa kusubiriwa dakika 10 kabla ya mtu kugusa chochote. Mpenzi wa magari asiye na glavu za umeme, na ambaye hakuwahi kufundishwa kazi hiyo na anayeijua, anaweza kumsaidia mwenzake kusafisha kichujio cha hewa ya betri kilichoziba kwa vumbi karibu na kiti cha nyuma. Nyaya za chungwa ni za fundi wa haibridi.