Temeke Ilipopakwa Rangi Nyekundu

Mtoa mada alikuwa na ramani ya Dar es Salaam ukutani. Temeke nyekundu, hasa Mbagala na Chamazi. Upande wa Kinondoni na Ubungo, Tandale na Manzese rangi ya machungwa. Masaki na Oysterbay zimeachwa nyeupe pe. Penye wekundu, alisema, ndipo ugaidi unapoota: vijana wengi, ajira hakuna, intaneti kila mfuko. Wajumbe wa kongamano wakainama kuandika. Nikanyoosha mkono kuuliza bomu la 1998 lililipuka rangi gani. Nikaambiwa muda wa maswali umekwisha, twendeni chai.

Basi swali nimelileta hapa, na hasira zangu sijaziacha hotelini.

Fasili hazitatuchelewesha. Utandawazi ni bidhaa, fedha, watu na habari kuvuka mipaka kwa wepesi ambao babu zetu hawakuujua. Ugaidi ni kuua na kutisha raia ili kumshinikiza mtu mwingine, kwa kawaida serikali. Wanaotaka zaidi wakasome Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi imepita kidogo, lori la Nissan Atlas lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Katikati kabisa ya weupe wa ile ramani. Watu 11 walikufa na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Kati ya waliokufa hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa zaidi ya 200. Sasa litazame lori lenyewe. Limeundwa Japani, limenunuliwa hapahapa kama yanunuliwavyo malori mengine. Baruti imeandaliwa katika nyumba ya kupanga Ilala, na mitungi ya gesi ikapakiwa pamoja nayo. Usukani kashika Mmisri. Kiongozi wao ni tajiri wa Kisaudi aliyejichimbia Afghanistan, mwenye simu ya satelaiti. Mzanzibari mmoja wa kundi lile, Khalfan Khamis Mohamed, akatokomea Cape Town, akawa anapika baga mgahawani mpaka alipokamatwa Oktoba 1999. Kila hatua ilipita kwenye milango ileile wanayopita wafanyabiashara wa Kariakoo: gari la mtumba, kodi ya nyumba, pasipoti, simu ya nje. Kwa maoni yangu utandawazi haukuiumba ile chuki. Uliishushia nauli tu.

Hapo ndipo ninapokatizwa, na kila mara ni kwa sentensi ileile: umaskini ndio mama wa ugaidi. Inasemwa kwa sauti ya huruma, na huruma hiyo ndiyo inayonichoma. Msemaji anadhani anatutetea. Utandawazi, anasema, umewaacha nyuma vijana wa uswahilini, nao kwa kukata tamaa wanashika bunduki. Kwa hiyo tuwasaidie kabla hawajatuua. Ukiikamua hoja hiyo unabaki na kitu kimoja: maskini asaidiwe kwa sababu anatisha.

Tuifuate basi inakotupeleka. Osama bin Laden, yule tajiri wa Kisaudi, alikuwa mtoto wa mkandarasi miongoni mwa matajiri wakubwa wa Saudi Arabia. Naibu wake, Ayman al-Zawahiri, alikuwa daktari wa upasuaji kutoka familia ya wasomi wa Cairo. Mohamed Atta, aliyeongoza mashambulizi ya Septemba 2001, alisomea usanifu majengo Cairo na mipango miji Hamburg. Huyo bila shaka angeweza kuchora ramani nzuri kuliko ile niliyoonyeshwa. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, walikouawa watu 148 tarehe 2 Aprili 2015, mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Na hapa kwetu, tarehe 25 Agosti 2021, mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja karibu na ubalozi wa Ufaransa, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Polisi walisema mambo yale aliyapata mitandaoni. Alikuwa mkazi wa Upanga, mtu wa madini. Mbona Upanga haikupakwa rangi?

Halafu mwangalie huyo kijana mwekundu mwenyewe. Saa kumi alfajiri yuko Mbagala Rangi Tatu, juu ya pikipiki isiyo yake, na jioni bosi anataka hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Ana mkopo wa kausha damu. Mama yake anauza chapati kwa mtaji wa kikoba. Intaneti anayo, ndiyo, nayo inaishia kwenye mikeka ya kubeti na ugomvi wa Simba na Yanga. Kama umaskini ungekuwa baruti, kituo cha daladala cha Rangi Tatu kingekwisha kulipuka tangu enzi za Mkapa. Watu hawa kwa maelfu wameachwa nyuma na dunia, na jibu lao kila siku ni kuamka tena alfajiri. Mwenye nadharia anapaswa kueleza hilo kwanza. Haelezi. Anaomba ufadhili wa awamu ya pili.

Nakubali hoja ya umaskini haikosi mifano: Khalfan Khamis Mohamed alitoka kijijini, na huko Cabo Delgado, Msumbiji, uasi ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 umekulia jirani na gesi na rubi ambazo wenyeji wanaziona zikipita tu.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi tunavyozungumza kana kwamba dunia ilitufikia juzi, na hapa mtanivumilia, maana Kilwa ni ugonjwa wangu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji uliokuwa na biashara na nusu ya dunia iliyojulikana. Vipande vya sahani za Kichina bado vinaokotwa kwenye magofu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji, mizinga tayari, akamtaka mtawala, Amir Ibrahim, alipe dhahabu, la sivyo mji utateketezwa. Ikalipwa. Miaka mitatu baadaye akaja Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, mji ukaporwa hata hivyo. Ile dhahabu ya 1502 ilifuliwa Ureno ikawa chombo cha kanisani, kazi ya mwaka 1506, na leo kimo katika kabati la kioo kwenye makumbusho ya Lisbon, watu wanakipiga picha. Kutisha raia ili kumshinikiza mtawala: nirudie fasili yangu ya juu? Lakini Almeida amepewa cheo cha mgunduzi na mjenzi wa ngome, na hakuna mtoa mada aliyewahi kuipaka Lisbon rangi nyekundu.

Turudi kwenye fedha, maana utandawazi mwisho wake ni hesabu. Mwaka 2020 Sudan, iliyowahi kumhifadhi Bin Laden, ilikubali kulipa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Katika mgawo ulioripotiwa, familia ya Mmarekani aliyeuawa katika milipuko ya 1998 ilitengewa takriban dola milioni 10. Familia ya Mkenya au Mtanzania aliyekuwa akifanya kazi kwenye ubalozi huohuo, takriban dola 800,000. Mpita njia aliyeuawa na vioo vya Nairobi hakuwa na fungu. Bomu lilikuwa limewachanganya wote bila kuuliza pasipoti. Meza ya malipo ndiyo iliyowapanga upya kwa uraia.

Nilikuwa nataka kusimama hapo. Lakini najua mkazi wa Mbagala Kizuiani atakachoniambia. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi letu lililipuka pale mtaani kwao, wakafa watu zaidi ya 20, nyumba zikabomoka, na malalamiko ya fidia yakaendelea kwa miaka. Hakukuwa na Msaudi wala Mmisri wala simu ya satelaiti. Hakuna aliyeitisha kongamano kuhusu watu wale. Ataniuliza hizo dola laki nane ninazozililia zingemfaa nani yeye akiwa hayumo hata kwenye orodha ya waliopunjwa, na hoja yangu yote, niliyoijenga juu ya vifo vilivyotoka nje, haina pa kumweka.