Kusikia si kuona: Tomaso, Rebmann na theluji ya Kilimanjaro

Dalali wa viwanja hakosi maneno matamu. Kiwanja kipo karibu na barabara, maji yanatoka kila siku, nguzo ya umeme ile pale, majirani watu wa heshima. Mnunuzi mwenye akili humsikiliza mpaka amalize, kisha hujibu kwa maneno matatu: kusikia si kuona. Maana yake, twende. Wanapanda bodaboda, wanafika, mnunuzi anapima kwa hatua kutoka bikoni moja hadi nyingine, anakanyaga udongo, anachungulia mtaro kama maji ya mvua hupita hapo. Sasa ameona.

Ameona nini hasa? Ardhi, basi. Hajaona kwamba kiwanja hakikuuzwa kwa mtu mwingine mwezi uliopita, wala kwamba yule anayejiita mrithi ni mrithi kweli. Mambo hayo hayana rangi wala umbo. Ili ayajue inambidi arudi kule kule alikokukimbia, kwenye kusikia: amuulize mjumbe, amuulize jirani, amtafute mzee aliyezaliwa mtaani hapo, kisha asome hati, ambayo nayo ni maneno ya mtu mwingine yaliyopigwa muhuri.

Methali hii hutumiwa na wengi kama komeo. Mtu akileta habari isiyopendeza, anafungiwa mlango kwa "kusikia si kuona" na mazungumzo yanaishia hapo. Ni matumizi finyu. Methali haikusema kwamba kusikia ni uongo. Imesema kwamba viwili hivi havilingani, na aliyepata habari kwa masikio asijigambe kana kwamba ameipata kwa macho. Wahenga hao hao walituachia pia "lisemwalo lipo, kama halipo laja", kwa hiyo hawakuwa watu wa kudharau habari. Walitaka habari ipimwe, na mara nyingi kuipima ni kunyanyuka na kuifuata.

Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania zimesimama karibu na methali hii. Shahidi anatakiwa aeleze alichokiona au alichokisikia yeye mwenyewe, asilete ya kusimuliwa, ingawa sheria hizo hizo huruhusu maneno ya marehemu kuhusu kilichomsababishia kifo. Na anayeketi kuamua, yaani hakimu, hakuwapo kwenye tukio. Karibu kila hukumu duniani imetolewa na mtu ambaye hakuona.

Kwa Mkristo methali hii ina ncha kali kuliko kwa mwingine, kwa sababu dini yake yote imesimama upande wa kusikia, tena waziwazi. Hakuna muumini aliye hai leo aliyelikuta kaburi likiwa tupu asubuhi ile ya Jumapili. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani hutokana na kusikia, na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, anaifungamanisha na mambo yasiyoonekana. Wakristo wa kwanza hawakuuficha udhaifu huu. Waliuweka katikati ya Injili na kuupa jina la mtu.

Mtu huyo ni Tomaso. Habari yake iko katika Injili ya Yohana, sura ya 20, na imesimuliwa vibaya mara nyingi mimbarani. Kwa kawaida Tomaso huchorwa kama mkaidi aliyetaka ushahidi wakati wenzake walitosheka na imani tupu. Maandiko hayasemi hivyo. Wenzake walikuwa wamekwisha kumwona Bwana. Tomaso peke yake ndiye ambaye hakuwapo jioni ile. Alichokidai ni karibu kile kile ambacho wengine walikwisha kukipata. Tena, wanawake walipotoka kaburini na habari siku ile ya kwanza, Luka anasema mitume waliziona ni upuuzi. Kama kutoamini kwa kusikia ni kosa, basi walikosa wote, ila mmoja ndiye aliyebandikwa jina.

Kuna jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Yohana anasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwa ndani tena, na Tomaso alikuwa pamoja nao. Zile siku nane ndizo kiini cha kisa. Mtu huyu ameambiwa na wenzake habari asiyoweza kuimeza, amekataa mbele yao kwa maneno makali, lakini hakufunga virago kwenda zake. Alibaki na watu ambao habari yao hakuikubali. Yesu alipomwambia alete kidole chake, Yohana haandiki popote kwamba Tomaso aligusa. Mchoro maarufu wa Caravaggio, wa mwanzoni mwa karne ya 17, unaonyesha kidole kikizama ndani ya jeraha; hiyo ni kazi ya brashi. Katika Injili Tomaso anajibu kwa kukiri, na Yesu anawatangazia heri wale watakaoamini bila kuona.

Mapokeo ya Wakristo wa Kerala, India, yanasema Tomaso huyo huyo alivuka bahari akafika kwao mwaka 52, na kaburi lake huonyeshwa Mylapore, katika jiji la Chennai. Kama mapokeo hayo yana msingi, basi aliyegoma kuamini kwa maneno ya watu kumi aliowajua aliishia kuwaomba watu asiowajua wala wasiomjua waamini kwa maneno yake mmoja.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina kisa chake cha kusikia na kuona, na mhusika wake ni mmishonari. Johannes Rebmann, Mjerumani wa Gerlingen aliyetumwa na Church Missionary Society ya London, alifika Mombasa mwaka 1846 akaungana na mmishonari mwenzake Ludwig Krapf kuanzisha kituo cha Rabai. Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga miaka miwili kabla. Tarehe 11 Mei 1848, njiani kuelekea Uchagani na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Alipouliza, kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu hicho, akasema tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa kwenye nchi ya theluji, alielewa papo hapo. Uchagani alisimuliwa kwamba mtawala wa Machame, Rengua, aliwahi kutuma kundi la watu wakakichunguze cheupe kile, akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika.

Habari ilipochapishwa London mwaka 1849, ikakutana na William Desborough Cooley. Cooley alikuwa mwanajiografia wa mezani: amesoma kila kilichoandikwa juu ya Afrika, na hajakanyaga Afrika hata siku moja. Theluji karibu na ikweta? Akaikataa katakata, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 akamshambulia Rebmann kana kwamba ni mtu wa kuota mchana. Ajabu ni kwamba ramani ya Cooley mwenyewe ya ziwa kuu la bara, aliyoitoa mwaka 1845, ilitegemea sana masimulizi ya Khamis bin Uthman, mtu wa pwani aliyemkuta London, na ya mtumwa wake Nasib. Yaani Cooley aliamini kwa kusikia pale habari ilipoafikiana na nadharia yake, ilipopingana nayo akadai kuona. Na hata kuona kwa wengine hakukumsaidia. Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro na Richard Thornton, mtaalamu wa miamba, mwaka 1861. Mwaka uliofuata akapanda na Otto Kersten zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawadondokea. Cooley hakutikisika.

Kwa hiyo si kweli kwamba asiyeamini bila kuona ni mtu wa ushahidi, na anayeamini ni mtu wa hisia. Tomaso na Cooley wote walikataa habari waliyoletewa. Mmoja alibaki chumbani na mashahidi, mwingine alibaki chumbani na vitabu vyake. Watoto wa Moshi watakuja kulielewa hili kwa namna ya pekee: kati ya mwaka 1912 na 2011 Kilimanjaro ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake, na huenda wajukuu wao watahadithiwa juu ya theluji kama Cooley alivyohadithiwa.

Lakini haki itendeke kwa methali. Rabai yenyewe ilitoa ushahidi kwamba masikio hukosea. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt, baada ya kuwahoji wafanyabiashara wa misafara, walichora ramani iliyochapishwa mwaka 1855 na kuonyeshwa London mwaka 1856. Ndani yake mna ziwa moja kubwa la ajabu, limejipinda mfano wa konokono asiye na gamba. Waarabu na Waswahili waliohojiwa hawakuwa waongo. Kila mmoja alitaja maji makubwa aliyoyajua mwisho wa njia yake: mmoja Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza, yaani Ziwa Viktoria. Wachoraji wakayaunganisha maji matatu kuwa moja. Kiini kilikuwa kweli, umbo likawa kosa. Ni ramani hiyo yenye kosa iliyochochea safari ya wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, mwaka 1857. Februari 1858 wakaliona Tanganyika, na tarehe 3 Agosti Speke akasimama kusini mwa Nyanza. Wangesubiri ramani sahihi, wasingetoka Zanzibar.

Waumini wanaolipenda neno "imani" kuliko wanavyopenda kuchunguza wangefaa kuitazama ramani ile kwa muda. Kuamini habari ya kweli hakumkingi mtu asiichore vibaya. Kanisa limewahi kuchora mambo mengi vibaya, na likarekebishwa na watu walionyanyuka wakaenda kuangalia.

Na Rebmann? Huyu ndiye anayestahili kutajwa pindi watu wanapouliza imani bila kuona hufananaje mchana wa kawaida, siku isiyo ya Pasaka. Krapf aliondoka mwaka 1853, Erhardt naye akaondoka, na mke wa Rebmann, Emma, akafa mwaka 1866. Yeye alibaki. Waongofu wa Rabai katika miaka hiyo walihesabika kwa vidole, miongoni mwao Abe Ngoa. Alikaa na Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka upande wa Nyasa, akajifunza kwake lugha ya nchi ambayo hakupata kuikanyaga, na kamusi ya lugha hiyo ilichapishwa mwaka 1877, baada ya kifo chake. Macho yakamfifia. Mwaka 1875, wakati makazi ya Freretown yanaanza kupokea watu waliookolewa utumwani, alirudishwa Ujerumani akiwa karibu kipofu, akafa Korntal mwaka uliofuata. Miaka 29 barani, na hesabu ambayo mweka fedha yeyote wa London angeiona ni hasara tupu.

Hapa mtu wa mashaka ana swali, na ni swali zuri. Kama ustahimilivu ndio kipimo, wapotofu nao hustahimili. Rabai iko kaunti ya Kilifi. Katika kaunti hiyo hiyo, msitu wa Shakahola, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo ilizidi 400. Upande wa mashtaka unadai kwamba wafuasi wa kikundi kimoja waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mtu anawezaje kuhubiri heri ya wasioona mbele ya makaburi yale?

Jibu la haraka la kusema "ile haikuwa imani" halitoshi, maana, kwa madai hayo, watu wale waliamini kwa kiasi cha kutoa watoto wao. Tofauti inayoonekana iko kwenye mlango. Shahidi mkweli haogopi habari yake ifuatiliwe. Kitabu cha Matendo, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa kuwa waliyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, na Paulo mwenyewe hakuwakemea. Tomaso aliambiwa alete kidole. Mahali ambapo kuuliza ni dhambi, kurudi nyumbani ni usaliti, na jirani haruhusiwi kuingia aone watoto wanakula nini, methali yetu inapaswa kutamkwa kwa sauti ya juu, tena na polisi na mjumbe wa mtaa kabla ya kasisi.

Injili ya Yohana ina kisa kingine, katika sura ya 4, ambacho wafafanuzi wa imani hukitumia kidogo kuliko cha Tomaso, na pengine ndicho kinachokaa vizuri zaidi na methali. Mwanamke Msamaria anauacha mtungi wake kisimani, anarudi mji wa Sikari na habari ya mtu aliyemwambia yote aliyoyatenda. Kwa vipimo vya wakati ule alikuwa shahidi hafifu: mwanamke, mwenye historia ya waume watano, na anayeishi naye si mumewe. Wenye mji wangeweza kumjibu kama dalali anavyojibiwa. Kwa namna fulani ndivyo walivyomjibu, kwa sababu walitoka mjini wakamwendea huyo mgeni. Wengine walikwisha kuamini kwa maneno ya mwanamke kabla hawajafika. Wengine walitaka kwanza kufika. Wakamsihi akae kwao, akakaa siku mbili. Halafu wakamwambia yule mwanamke kwamba sasa hawaamini tena kwa sababu ya maneno yake, kwani wamemsikia wao wenyewe.

Kumsikia, ndivyo walivyosema, ingawa kwa siku mbili nzima alikuwa mbele ya macho yao.