Maji ya Mlimani ni Amana

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Kila sifa njema ni Yake Yeye aliyeipa milima uzito na mawingu njia. Na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Watu wa mwambao wakikosa mvua hutazama baharini, kwa kuwa huko ndiko zitokako pepo na mawingu. Ni wachache wageuzao shingo kutazama bara. Lakini mto uingiao baharini pale Pangani umeanzia mbali, katika mbavu za Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana penye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji hushuka pamoja hata pwani. Basi jambo liupatalo msitu wa Kilimanjaro si khabari ya Wachaga peke yao.

Mlima huo una urefu wa mita 5,895. Watu hustaajabia barafu ya kileleni, na barafu hiyo kweli yaondoka: mwaka 1912 ilikuwa kadiri ya kilomita 12 za mraba, na mwaka 2011 haikufika 2. Ila wenye kupima maji wamebainisha kwamba tegemeo la mito si barafu, bali ni msitu. Udongo wa msitu huinywa mvua, kisha huitoa kidogo kidogo katika chemchemi. Na huko juu, penye mita 3,000 na zaidi, miti iitwayo Erica hunasa ukungu upitao, ukawa matone, na matone yakawa maji. Mvua haikunyesha, na ardhi imelowa. Subhana Llah!

Sasa joto la dunia limezidi kwa digrii 1 na zaidi kuliko lilivyokuwa baina ya 1850 na 1900, kwa moshi wa makaa ya mawe na mafuta wayachomayo wanadamu. Na huko mlimani hewa imekuwa kavu. Mrina asali hufukiza nyuki, akaondoka, akaacha kijinga. Unyevu ulikuwa ukikizima. Katika ukame hakizimiki. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliteketeza karibu kilomita 95 za mraba, na Oktoba 2022 ukawaka tena. Ndivyo mpaka wa juu wa msitu ulivyoshuka, na pahali pa miti pakaota vichaka visivyonasa ukungu kama miti. Na hasara ya ukungu huo kwa mito ni nzito kuliko hasara ya barafu.

Wapo wasemao: "Mvua ni ya Mungu, mja ana nini?" Neno hili ni la kweli, nalo hutumiwa pasipo pake. Qurani yafundisha kuwa maji huteremshwa kwa kadiri na kutulizwa ardhini, na kwamba Aliyeyateremsha aweza kuyaondoa. Mafundisho hayo huleta khofu, hayaleti uvivu. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, katika mlango wa Sala ya Kuomba Mvua, hutanguliza toba, na sadaka, na funga ya siku tatu, na kurudisha haki za waliodhulumiwa. Ndipo siku ya nne watu watoke kwa unyonge, pamoja na wazee na watoto. Mwenye kuizuia haki ya mwenziwe, na huku ameinua mikono kuomba mvua, amejifungia mlango aubishao.

Na haki zenyewe zimeandikwa. Awashaye moto siku ya upepo mkali, ukavuka ukaunguza mali ya jirani, ni juu yake kulipa. Aliye juu ya mfereji hunywesha shamba lake kwa kadiri, kisha humwachia aliye chini. Na ardhi iliyohifadhiwa kwa maslaha ya wote haimhalalikii mtu mmoja, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliihifadhi Naqii, karibu na Madina.

Mtu wa pwani atasema kuwa yeye ndiye aliye chini, tena ndiye mdhulumiwa, kwani mto ukipungua maji ya chumvi hupanda na kuharibu mashamba. Ni kweli. Lakini mbao za mlangoni pake, na mkaa wa jikoni pake, ameuliza vilikatwa wapi? Mwenye kununua mali naye ajua kuwa imeibiwa ni mshirika wa mwizi. Msitu ulioibiwa hauwi halali kwa kupanda gari ukafika sokoni.

Basi kabla ya kutoka uwanjani kuomba mvua, kila mtu na aihesabu nafsi yake. Asinunue asichojua asili yake. Asiwashe moto asioweza kuuzima. Naye apande mti, kwani Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa atakachokula ndege, au mtu, au mnyama katika mti huo ni sadaka kwa aliyeupanda.

Ewe Mola, utunyweshe mvua ya manufaa, wala usitunyime kwa dhuluma zetu. Amin.